Barua Katika Mfuko wa Ndani

Katikati ya mji, ilitangazwa rasmi, pamezeeka. Tangazo lilisomwa na Afisa Makazi mbele ya maikrofoni tatu, mojawapo ikiwa nzima, na kwa ufupi lilisema hivi: kwamba vijana wafanyakazi wamehamia pembezoni kwa wingi, kwamba mji ambao vijana wake hawalali ndani yake ni sawa na jiko lisilowashwa moto, na kwamba mamlaka imeazimia, kwa dhati na kwa awamu, kuwarudisha. Kutakuwa na nyumba za pamoja za bei nafuu. Kila kijana atakuwa na chumba chake, jiko na sebule vitakuwa vya wote, na kutoka kitandani hadi kazini hapatazidi mwendo wa dakika kumi. Watu walipiga makofi. Afisa aliinama kidogo kuyapokea, akainuka, na suti yake ya kijivu ikarudi mahali pake bila kunjo.

Magazeti hayakuandika habari za suti. Inasikitisha, maana katika yote yaliyoonyeshwa siku ile, suti ndiyo pekee iliyokuwa imekamilika.

Aliyeinyoosha alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba aliyeitwa Mvuke. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini miaka sita ya kupiga pasi kwa Mzee Dobi, katika uchochoro nyuma ya ofisi za mamlaka, ilikuwa imelifuta. Kazi yake ilianza kabla ya kazi za watu wengine wote. Saa kumi na moja alfajiri alifungua mlango wa nyuma, akajaza maji kwenye boila, tangi la kutengenezea mvuke wa pasi, akaliwasha, akangoja. Boila lilikuwa na umri wa Mzee Dobi na tabia zake: halikubali kuharakishwa. Likipewa saa moja na nusu, lilitoa mvuke mkavu ulionyoosha sufu kama kiganja cha mama. Likipewa pungufu ya hapo, lilitema maji yenye kutu juu ya mashati meupe. Saa moja asubuhi mawakili, makarani na maafisa walianza kupita kuchukua nguo zao, na kila mmoja alitoka mlangoni akiwa na heshima zaidi kuliko alivyoingia.

Mvuke aliliwahi boila kwa sababu alikaa karibu. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la miwani, mwendo wa dakika nne kutoka kwa Mzee Dobi, tano ikiwa ana huzuni. Alizaliwa katika chumba hicho. Mama yake, aliyekuwa akifagia ofisi za mjini, alikikodi akiwa na mimba, akafia humo, na binti akaendelea kulipa kodi kana kwamba hakuna kilichotokea, maana mwenye nyumba naye alidai kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyumba ilikuwa na vyumba saba na jiko moja. Nesi alikaa humo, na mpiga chapa, na kinyozi, na mafundi viatu wawili waliokuwa hawasemezani lakini wakitumia sufuria moja. Kila mtu alikuwa na rafu yake jikoni na siku yake ya kuosha ngazi. Walikuwa wakiishi kwa pamoja na kwa bei nafuu miaka yote hiyo bila kujua kwamba huo ni mradi.

Walijulishwa kwa barua. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, wanawe wakaikodisha nyumba nzima kwa mamlaka, na mamlaka ikaona inafaa sana kuwa nyumba ya kwanza ya kurudishia vijana mjini. Kwa hiyo waliokuwamo, ambao wote walikuwa vijana isipokuwa fundi viatu mmoja, waliombwa watoke kabla ya mwisho wa mwezi. Waliotaka kurejeshwa baada ya ukarabati walikaribishwa kujaza fomu.

Walizijaza jikoni, juu ya meza moja, kwa kalamu moja ya nesi.

"Hapa pameandikwa 'makazi ya sasa,'" alisema kinyozi. "Nimeandika kwa mjomba wangu, kule mwisho wa barabara ya lami."

"Mjomba wako ulimwona lini mara ya mwisho?" Mvuke aliuliza.

"Mwaka wa mafuriko. Lakini tunapendana."

"Huko si kusema uongo?"

"Dada yangu, soma juu hapo. Wanataka kuturudisha. Sasa mtu aliye hapahapa wamrudishe wapi, bafuni?"

Nesi alicheka. Mvuke hakucheka. Alikuwa mtu wa mstari. Mstari wa suruali ukipinda kwa upana wa ukucha, alirudia suruali nzima. Akaandika makazi ya sasa: juu ya duka la miwani, chumba cha mwisho, upande wa kushoto. Kinyozi alichungulia, akatikisa kichwa.

"Wewe unajaza fomu kama anayeungama," alisema. "Haya. Ukiona mwenzio ananyolewa, tia maji. Mimi ni kinyozi, najua nisemalo."

Majibu yalikuja baada ya wiki saba, wakati ambapo jiko lilikuwa limebomolewa na Mvuke alikuwa kwa shangazi yake. Yalikuwa ya heshima. Yalimshukuru kwa kuonyesha nia. Yalieleza kwamba, kwa kuwa mwombaji anaishi katikati ya mji, hahitaji kurudishwa, na kwamba nafasi zitatolewa kwa walioondoka. Bahasha ilikuwa imetumwa juu ya duka la miwani. Muuza miwani aliihifadhi, akampa Mvuke alipopita, akamwuliza kama ana shida ya kuona, maana aliisoma mara tatu.

Kwa shangazi kulikuwa mwendo wa magari mawili kutoka mjini, na la kwanza halikuondoka kabla ya saa kumi na moja. Shangazi alikuwa na watoto wanne, mume mmoja, na moyo mkubwa kuliko nyumba. Alimpa Mvuke kochi la sebuleni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema kwa kumchangamsha. "Wewe jembe lako ni pasi. Kaa, mwanangu. Nyumba haina nafasi, lakini haijawahi kuwa nayo."

Mvuke alifika kazini siku ya kwanza saa moja kasoro dakika kumi. Boila liliwashwa. Wakili wa kwanza alikuja saa moja kamili akachukua koti lake likiwa limelegea kama mtu aliyelala nalo. Hakusema kitu, mawakili hulipwa wanaposema. Siku ya nne shati la karani mkuu lilipata nukta tatu za kutu kifuani, na karani mkuu, ambaye halipwi kwa kusema, alisema.

Mzee Dobi alijaribu kuliwasha boila mwenyewe. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na kifua kibovu, na baada ya asubuhi tano alikuwa akikohoa hata anapohesabu hanga za nguo. Alimwita Mvuke nyuma ya pazia la nguo.

"Binti yangu, mimi sikufukuzi."

"Najua, mzee."

"Ila boila halijui kama gari limechelewa."

"Najua, mzee."

"Ile nyumba inafunguliwa lini?"

"Wamesema baada ya miezi mitatu."

"Umekata rufaa?"

"Naandika."

"Basi nitakohoa miezi mitatu. Wakikupa chumba, tuko pamoja. Wasipokupa, nitatafuta mtu wa karibu. Usinione mbaya."

Hakumwona mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemwona.

Rufaa, kwa mujibu wa barua, ilitakiwa imfikie Afisa Makazi mkononi ndani ya siku thelathini. Mvuke aliiandika Jumapili nzima kwenye meza ya shangazi, watoto wakiwa wamefukuzwa uani. Alieleza kwamba alikuwa mjini alipoulizwa, kwamba sasa hayupo mjini, na kwamba kilichomtoa ni mradi wenyewe wa kumrudisha. Hakuongeza chumvi. Aliikunja mara tatu, sawasawa, akaitia katika bahasha ya kahawia, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: RUFAA. Jumatatu alipanga foleni kwenye korido ya ofisi za mamlaka mpaka Afisa alipotokea akielekea mkutanoni.

"Shikamoo, bosi. Ni kuhusu nyumba ya pamoja."

"Marahaba, binti. Vizuri sana. Vijana kama nyinyi ndio tunaowataka." Aliipokea bahasha, akaitazama, akaitia mfuko wa ndani wa koti la kijivu, upande wa moyo. "Nitaipitia mimi mwenyewe."

Lazima sasa ielezwe sheria ya mifuko.

Kwa Mzee Dobi hakuna nguo iliyoguswa na maji wala pasi kabla mifuko yake haijatolewa vyote vilivyomo. Kilichotoka kiliwekwa kwenye kifuko kidogo cha kitambaa cheupe, kikabanwa kwa pini ndani ya nguo ileile, na kurudi kwa mwenyewe. Hakikusomwa. Hakikutajwa. "Mfuko ni tumbo la mtu," Mzee Dobi alizoea kusema. "Unatoa, unarudisha, hujui alikula nini." Sheria hiyo ilikuwa na historia. Zamani mpiga pasi mmoja, mwenye moyo mwema, alimwambia mke wa mteja, "Mama, hereni zako zilikuwa kwenye koti la mzee, nimekuwekea." Mama yule hakuwa na masikio yaliyotobolewa. Ndoa ilikufa mwezi huohuo, na duka likapoteza suti tatu kwa wiki. Tangu hapo walitoa mifukoni meno ya bandia, pete, mitihani ambayo haijafanywa bado na nywele za watu wasiojulikana, wakavirudisha vyote kwa uso mmoja.

Koti la kijivu lilifika Ijumaa. Mvuke aliingiza mkono mfuko wa ndani akatoa kalamu, leso, na rufaa yake, ikiwa imefungwa kama alivyoifunga.

Aliishika muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya kazi. Kisha akaiweka kwenye kifuko pamoja na kalamu na leso, akapiga pini, akanyoosha koti. Afisa ana shughuli nyingi, alijiambia. Wiki moja si kitu. Subira huvuta heri. Na kama ilivyo kwa kila anayevuta kitu kizito, haikuulizwa imefika wapi.

Wiki ya tatu koti lilirudi, na bahasha ikiwamo. Pembe zake zilikuwa zimeanza kulainika. Wiki ya tano lilirudi tena. Wino wa neno RUFAA ulikuwa umepata doa la chai juu ya herufi ya mwisho. Mvuke alianza kuijua bahasha ile kama mtu anavyomjua jirani asiyemsalimu. Jioni moja, Mzee Dobi akiwa anateremsha shata, mlango wa chuma wa duka, alimwuliza.

"Mzee, kama kilichomo mfukoni ni cha mpiga pasi mwenyewe?"

"Kikiingia mfukoni mwa mtu ni cha mtu."

"Hata kama kitapita wakati wake?"

Mzee Dobi aliiacha shata nusu. Alikuwa amemwona akiishika ile bahasha, na hakuwa mjinga.

"Ukimwambia 'barua yangu imo mfukoni mwako hujaisoma,' atajiuliza umeona nini kingine. Kesho atawaambia wenzake. Ofisi nzima inaleta nguo hapa, binti." Akakohoa mpaka machozi. "Tungoje. Mtu hawezi kubeba kitu moyoni wiki zote hizo asikione."

Ni maneno ya mtu aliyetoa vitu mifukoni miaka arobaini na mitano, kwa hiyo hayana udhuru.

Wiki ya nane koti la kijivu lilikuja likiwa tupu. Mvuke aliupekua mfuko wa ndani mara mbili, akaugeuza nje, akautikisa. Hapakuwa na kalamu, hapakuwa na leso, hapakuwa na bahasha. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu, jambo ambalo halikuruhusiwa, akacheka peke yake.

Jioni alimwambia shangazi kwamba imesomwa. Shangazi alipika zaidi ya kawaida na akamwagiza binti yake mkubwa asimpigie dada kelele. Kesho yake Mvuke alikwenda kuitazama nyumba. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya machungwa. Kila chumba kilikuwa kimegawanywa kwa ubao, saba vikawa kumi na vinne, na fundi ujenzi alimruhusu achungulie dirishani mwa ngazi. Chumba cha mwisho, upande wa kushoto, sasa kilikuwa viwili. Alijikuta akichagua kati yao: alitaka chenye dirisha, halafu akaona ni ulafi, akakubali chochote. Alilala siku mbili kwenye kochi akipanga vitu vyake ndani ya nusu chumba, na vilienea.

Siku ya tatu Afisa alileta suti ya buluu. Ilikuwa ya sherehe, ya ufunguzi, alisema, na ilipaswa kuwa tayari Jumamosi saa moja asubuhi bila kukosa. Mvuke aliingiza mkono mfuko wa ndani. Alitoa kalamu, leso, na bahasha ya kahawia yenye doa la chai.

Afisa alikuwa mtu nadhifu. Alipobadilisha suti alihamisha kila kitu mahali pake. Barua ilikuwa imepata pa kuhamia.

Ijumaa usiku Mvuke alilala dukani, kwenye kapu, ili boila liwashwe kwa wakati. Suti ilinyooka kuliko zote alizowahi kuzinyoosha. Alikuwa na chuki nayo, na chuki yake ilikuwa na mstari. Kisha akafanya kosa lake la pekee katika miaka sita: badala ya kubana kifuko ndani ya koti mahali pasipoonekana, alikibana nje, kwenye kola, pale ambapo mwanaume hawezi kuvaa bila kukiona. Sheria haikusema kitu juu ya kola. Mzee Dobi alikiona, akageuka akaanza kupanga hanga ambazo zilikuwa zimepangwa.

Afisa alifika saa moja kamili.

"Hii nini tena?" aliuliza, akikigusa kifuko.

"Vilivyokuwa mfukoni, bosi."

Alikifungua. Alitoa kalamu, akafurahi. Alitoa leso. Alitoa bahasha, akaigeuza, akasoma neno lililokuwa juu yake, na Mvuke alishika ukingo wa kaunta.

"Ah, hii," alisema Afisa. "Nimeitafuta kila mahali."

Akaitia mfuko wa ndani.

Alivaa koti palepale, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akaridhika. Alikuwa mtu wa watu, na siku yenyewe ilikuwa njema.

"Binti, una mkono wewe. Unakaa wapi?"

"Mbali, bosi."

"Mbali wapi?"

"Magari mawili."

"Ona sasa," alimwambia Mzee Dobi kwa masikitiko ya kweli. "Hii ndiyo hali ninayoipigania kila siku. Vuta subira, binti. Tunawarudisha."

"Ahsante, bosi," alisema Mvuke.

Alipotoka, Mzee Dobi aliuliza kama kuna chai. Haikuwapo. Boila lilipiga mluzi nyuma yao, likiwa na mvuke mkavu na wa kutosha kwa siku nzima, na hakuna aliyesimama kuutumia.

Ufunguzi ulikwenda vizuri. Taarifa iliyosomwa ilisema vyumba vyote kumi na vinne vimepata vijana, kwamba maombi yalishughulikiwa kwa haki, na kwamba hakuna rufaa hata moja iliyofika mezani. Hilo lilikuwa kweli tupu. Mezani haikufika. Miongoni mwa waliorudishwa alikuwamo kinyozi, aliyepigwa picha akishika ufunguo mkubwa wa kadibodi. Alipewa nusu ya chumba alichokuwa akikaa mwanzo, nusu isiyo na dirisha. Alimwambia Mvuke kwa simu kwamba hana la kulalamika. "Wamenirudisha nusu," alisema. "Nusu nyingine labda awamu ya pili." Mvuke alicheka, kwa kuwa kinyozi alikuwa amesubiri acheke.

Mwisho wa mwezi Mzee Dobi alimpa Mvuke mshahara wake, na pasi ya zamani ya duka, na hakuweza kumtazama. Siku hizi Mvuke anawapigia majirani pasi uani kwa shangazi, sare za shule zaidi. Shangazi huwaambia watu kwamba mpwa wake aliwahi kuwanyooshea mawakili. Mvuke husema sare za shule ni ngumu zaidi, sababu ya marinda. Jioni, watoto wakienda kulala na kochi likiwa tupu, hulala uso ukielekea ukuta.

Mzee Dobi alitafuta mtu wa karibu kwa wiki tatu. Alimpata kijana mmoja mwenye bidii, aliyesema anakaa hapohapo mjini, kwenye ile nyumba ya rangi ya machungwa, na aliyejaza hivyo kwenye karatasi ya kazi. Anapiga pasi vizuri na hafungui bahasha za watu. Duka sasa linafunguliwa saa tatu, kwa sababu ilikuja kujulikana kwamba hapandi magari mawili kuja kazini. Anapanda matatu.